Anayetaka kuona maporomoko ya maji aanze kuuliza mvua

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Juni au Desemba, jamaa na waliokuwa wanafunzi wangu hunipigia simu wakitaka kujua ni maporomoko gani ya maji wawapeleke watoto. Nadhani walinizoea tangu nilipokuwa nikifundisha Jiografia, na sasa kwa kuwa nimestaafu hapa Iringa wanaamini ninao muda wa kuwajibu. Swali lao huwa ni wapi waende. Mimi huanza kwa kuwauliza watakwenda lini, na hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama, kwa sababu ruhusa ya kazini imekwisha kuombwa, tiketi za basi zimekwisha kukatwa, na mto haukushirikishwa. Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu wote kwa pamoja, kisha niseme neno kwa wale wanaotupokea na kututoza viingilio.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, nilisafiri na mke wangu, binti yetu na wajukuu watatu kwenda kwenye maporomoko fulani ya huku Nyanda za Juu Kusini, ambayo sitayataja jina kwa kuwa wenyeji wake walitukaribisha vizuri na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Picha tuliyokuwa nayo kwenye simu ilionyesha pazia jeupe la maji lililofunika jabali zima. Tulipofika, baada ya mwendo wa saa nzima kwa miguu, tulikuta jabali lote li wazi, limekauka, na katikati yake umeninginia uzi wa maji ambao upepo ukivuma uliupeperusha pembeni usifike chini. Mjukuu wangu mdogo alilitazama kwa muda, akageuka, akaniuliza, "Babu, wamefunga bomba?"

Hakuna aliyefunga bomba. Nilichosahau, mimi niliyekuwa nikilifundisha somo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka, ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ardhi iliyokaa miezi sita bila mvua hunywa kwanza, ndipo mto upate chake. Ndiyo maana Desemba mvua inaweza kukunyeshea hadi ukalowa chapachapa, nguo zikagandamana na mwili, na bado mto ulio mbele yako ukawa mwembamba, kwa kuwa maji yale bado yanaingia ardhini. Mito mingi ya ukanda huu hujaa sawasawa kuanzia Januari, hufika kileleni Machi na Aprili, kisha hupungua polepole. Picha iliyotupeleka kule bila shaka ilipigwa Aprili, na aliyeitundika mtandaoni hakuona haja ya kuandika mwezi.

Kaskazini na pwani mambo ni tofauti, kwani huko kuna vuli kati ya Oktoba na Desemba, na kuna masika kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo familia iliyo Moshi au Tanga inaweza kuijaribu Desemba bila kujuta, ilimradi vuli ya mwaka huo imekuwa nzuri. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huyaona maporomoko ya Soni akiwa ndani ya gari, na kama mvua za vuli zimekataa atajua papo hapo bila kulipa hata senti. Materuni, juu ya Moshi, ni matembezi mafupi katikati ya migomba na kahawa, na maji yake, kwa kuwa yanashuka kutoka Kilimanjaro, ni ya baridi inayouma hadi kwenye meno. Kwa familia yenye siku mbili tu na nauli ndogo, huko panatosha.

Kwa ambaye hawezi kuchagua mwezi, kwa sababu likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba, ushauri wangu ni kwamba kusini aje Juni. Mvua zimekwisha, njia zimekauka kiasi cha kupitika, na mito bado inakula akiba ya masika. Baridi ipo, hasa Njombe na Makete, na anayekuja na watoto wadogo asidharau sweta. Lakini ataona maji.

Sehemu mbili zinavunja kanuni hii, na ni vizuri zijulikane. Ya kwanza ni Rungwe, ambako mvua ni nyingi kiasi kwamba miezi mikavu kabisa ni michache. Anayelala Tukuyu anaweza kwenda maporomoko ya Kaporogwe siku moja, na siku ya pili akaenda Daraja la Mungu na Kijungu, ambako mto Kiwira umetoboa na kuchimba mwamba wa volkano kwa namna ambayo nilikuwa nahangaika kuieleza darasani kwa chaki. Ya pili ni Udzungwa. Msitu wa milima ile hushika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima, na ndiyo sababu maporomoko ya Sanje huwa na maji hata wakati bonde la Kilombero chini yake lina vumbi.

Kuhusu Sanje nitasema zaidi, kwa sababu naona ndiko wengi wanakoweza kufika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na tofauti na hifadhi zilizozoeleka, hakuna kuzunguka kwa gari kutafuta simba. Mgeni hutembea. Anayetoka Dar es Salaam hupita Morogoro hadi Mikumi mjini, kisha huacha barabara kuu na kushika ile ya Kidatu na Ifakara mpaka Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Mikumi. Treni ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, nayo hupita huko, ingawa anayeitegemea ajiandae kwa subira. Sanje huanguka kwa hatua tatu ambazo kwa jumla zinafikia mita 170. Njia inapanda msituni kwa saa kadhaa, na kwa mtu wa umri wangu ni kupanda, kukaa, kunywa maji, na kupanda tena. Unayasikia maporomoko muda mrefu kabla hujayaona. Kwanza unadhani ni upepo kwenye majani, kisha unagundua kwamba majani hayatikisiki. Ukifika juu, miwani inajaa manyunyu hadi unaivua, na ukigeuka nyuma unaliona bonde zima na mashamba ya miwa yaliyopangwa kama kurasa za daftari. Katika msitu huo anaishi kima aliyepewa jina la Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wazee wa vijiji vya pale walikuwa wakimjua siku zote.

Kalambo ni habari nyingine, na ndiyo inayonifanya nimeandika barua ndefu kuliko nilivyokusudia. Mto Kalambo ni mpaka wetu na Zambia, na kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika unajitupa kutoka kwenye ukingo wa jabali na kushuka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, pasipo kugonga ngazi ya mwamba katikati. Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, ambayo dunia nzima inaijua na ambayo jina lake, lenye moshi ndani yake, hata sisi Waswahili tunalinusa, ina kimo cha mita 108. Ukubwa wake ni upana, unaozidi kilomita moja na nusu. Kwa urefu wa kuanguka, Kalambo inaizidi zaidi ya mara mbili, nayo iko mkoani Rukwa, katika wilaya iliyopewa jina la mto wenyewe. Makongoti huzaliana kwenye kuta za korongo lile, na ni jambo la ajabu kidogo kumtazama kwa juu ndege mkubwa kama yule akiwa anaruka.

Upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko hayo, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua mwaka 2019 magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Mti hauwezi kukaa muda huo ukiwa mkavu. Udongo uliolowa maji ya Kalambo ndio ulioyahifadhi magogo hayo, tangu kabla binadamu wa aina yetu hajawako. Naona mtoto wa darasa la sita akiambiwa habari hiyo akiwa amesimama pale pale, akilisikia lile jabali likinguruma, hataisahau.

Kufika si rahisi kama Materuni, lakini si safari ya kutisha tena. Kutoka Mbeya kuna lami kupitia Tunduma hadi Sumbawanga, na kutoka Sumbawanga unashika barabara iendayo bandari ya Kasanga, unaiacha ukifika Matai, kisha unaingia ya vumbi kuelekea kijiji cha Kapozwa. Kipande hicho cha mwisho ndicho cha kuuliziwa habari zake kabla ya kuondoka, kwa sababu wakati wa mvua, ambapo maporomoko yako katika enzi yake, ndipo na barabara inapokuwa katika hali yake mbaya. Ukienda Oktoba utapita kwa raha na kukuta maji kidogo. Ukienda Machi utakuta maji ya kutosha kama utafika. Hapo kuna miezi miwili au mitatu ya kati, Mei, Juni na labda Julai, na ndiyo ya kulengwa.

Lipo jambo jingine ambalo kalenda ya mvua haiwezi kukueleza, nalo ni kwamba maporomoko mengine maji yake yamekwisha kupangiwa kazi. Hale na Pangani ni majina ya vituo vya umeme siku hizi, na anayekwenda huko akitafuta maporomoko yanayosimuliwa na wazee atakuta mabomba na mitambo. Silalamiki, kwani nami nawasha taa. Ila mfano wa Kihansi, upande wa kusini wa milima hiyo hiyo ya Udzungwa, unafaa kukumbukwa na kila anayedhani maporomoko ni jabali. Mwaka 1996 walipatikana pale vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, hawafiki sentimita 3, ambao huzaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambao waliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililokuwa likilowa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipoyahamisha maji kuanzia mwaka 2000, manyunyu yalikatika. Ilibidi vyura wapatao 500 wapelekwe Marekani kufugwa, yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji kwenye makazi yao, na hata hivyo mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, kabla ya kurudishwa mwaka 2012. Watu wengi huwataja vyura wa Kihansi kwa mzaha. Mimi huona kwamba walituonyesha jibu la swali la mjukuu wangu, kwamba bomba kweli linaweza kufungwa.

Sasa nije kwa wanaotupokea. Siku ile ya Desemba tulilipa kiingilio getini na kupewa risiti ya mashine. Mbele kidogo kijana mwingine, mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, alitutoza tena "ya kijiji", na tulipoomba risiti alichana kipande cha daftari la shule, akaandika kiasi na kutia sahihi kwa kalamu nyekundu. Chini kabisa, karibu na maji yenyewe, au niseme karibu na mahali yalipopaswa kuwa, mzee mmoja alidai ya kupigia picha. Sikatai kijiji kupata chake. Ninaamini kinastahili kupata zaidi ya kinavyopata sasa, kwa sababu ndicho kinachotunza chanzo cha mto. Ninachoomba ni kiasi chote kijulikane mapema, kilipwe mara moja kwa namba ya malipo, na kiandikwe kwenye ubao pale njia inapoanzia, ili baba mwenye watoto wanne apige hesabu akiwa nyumbani kwake, asije kuifanyia hesabu hiyo njiani huku watoto wanamtazama.

Na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyetuambia kwamba hakuna maji. Hilo ndilo lililoniuma kuliko zile elfu chache. Getini palikuwa na ubao mkubwa wenye picha ile ile ya Aprili.

Ombi langu kwa mamlaka zinazosimamia maeneo haya, iwe ni TANAPA, ni Wakala wa Huduma za Misitu au ni halmashauri, ni dogo na halihitaji mfadhili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu, wa vuli, wa masika na wa mikoa yenye msimu mmoja. Bodi za maji za mabonde, ambazo nchini ziko tisa, zina kazi ya kufuatilia wingi wa maji katika mito yetu. Habari tunayoihitaji wasafiri basi ipo tayari, ila imekaa kwenye meza za watu wasiofikiria utalii. Itafsiriwe kwa lugha nyepesi, kila mwezi, kwa kila maporomoko yanayotozwa kiingilio, kwamba maji yamejaa, ni ya wastani au yamepungua, na kwamba njia inapitika au haipitiki. Hata picha moja ya wiki hii, yenye tarehe, iliyopigwa na askari wa getini kwa simu yake, ingetosha kuanzia. Najua wapo watakaosema kwamba ukimwambia mgeni maji yamepungua hatakuja. Pengine. Lakini yule aliyekuja akakuta uzi wa maji harudi tena, na hukaa akiwasimulia wengine, kama ninavyofanya mimi sasa.

Ubao huo huo ungefaa pia kutuambia kuhusu hatari, jambo ambalo huachwa kwa waongoza wageni, wengine hodari na wengine wakiwa watoto wa shule waliofunga likizo kama wajukuu wangu. Mawe yaliyo chini ya maporomoko yana utelezi wa kijani usioonekana ukiwa umesimama, na ndala hazifai kabisa, ingawa ndizo ninazoziona miguuni mwa wageni wengi. Kubwa zaidi ni kwamba jua linaweza kukuwakia ulipo huku mvua kubwa ikinyesha milimani juu, na maji yakashuka kwa ghafla. Kenya, mwezi Septemba 2019, watalii waliokuwa wakitembea kwenye korongo la Hell's Gate walisombwa na maji ya namna hiyo na kupoteza maisha. Maji safi yakibadilika yakawa ya tope, au vijiti na majani vikaanza kuelea, toka kwenye dimbwi kwanza, maswali baadaye.

Mwaka huu familia yetu imepanga kwenda Kalambo mwezi Juni, wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa, na safari hii nimeanza kuulizia mvua za Rukwa kabla sijaulizia nauli. Tutalala Sumbawanga na kuondoka alfajiri. Lililobaki ni kile kipande cha kutoka Matai hadi Kapozwa. Iwapo yupo msomaji wako wa huko anayejua kama gari dogo litapita baada ya masika haya, au kama inatubidi tukodi lenye magurudumu ya kupandia milima, nitashukuru sana akinijibu kupitia ukurasa huu huu.

Wako katika kusoma,

Mwalimu mstaafu,
Iringa